Mtoto Alale Wapi?

Historia fupi ya godoro dogo la uswahilini

Sema mahali popote mjini Dar es Salaam kwamba umetoka Keko, utaulizwa maswali mawili. Wa kwanza atauliza kama ulikwenda kumtazama ndugu gerezani. Wa pili atauliza umenunua kitanda au kochi. Ndivyo tulivyo, bwana. Gereza upande huu, samani upande ule. Kando ya barabara ya Chang'ombe vitanda vimesimamishwa kichwa juu, makochi yako uchi yakingoja vitambaa, na harufu ya vanishi inakufuata mpaka nyumbani. Toka Masaki mpaka Mbagala, watu huja hapa kubishana bei na mafundi.

Katika vitu vyote hivyo, kigumu zaidi kukichagua ni kile kinachoonekana kidogo kuliko vyote: godoro la mtoto. Lile la futi mbili na nusu kwa sita, au tatu kwa sita. Kitanda cha baba na mama hutafutwa wiki nzima. Mbao hugongwa kwa kidole, mtu akaulizia kama ni mninga kweli au ni paini iliyopakwa rangi. Godoro la mtoto hununuliwa jioni, giza likiingia, kwa pesa iliyobaki. Na swali ni lile lile: "La inchi ngapi?"

Msomaji, nataka kukuonyesha kwamba swali hilo halitoshi, na kwamba kutotosha kwake kuna historia. Shuleni tulifundishwa Majimaji, tukafundishwa TANU, tukakariri Azimio la Arusha. Ni mambo makubwa, sibishi. Lakini usiku ule wa mwaka 1967 baada ya Azimio kutangazwa, watoto wa uswahilini walilala wapi? Juu ya nini? Na nani? Hayo nayo ni historia ya nchi, ila haikupata mtu wa kuitolea hotuba.

KABLA YA CHUMBA CHA KUPANGA

Tusidanganyane kwamba zamani kila mtoto alikuwa na kitanda chake. Hakuwa nacho. Ila alikuwa na mahali pake, na hiyo ni tofauti kubwa.

Chukua Wanyakyusa wa Rungwe. Kwao mtoto wa kiume akifika miaka kama 10 aliacha kulala kwa wazazi. Alikwenda kulala na wenzake wa rika lake katika vibanda walivyojijengea, na vibanda hivyo vikakua mpaka vikawa kijiji kizima cha marika. Mama mmoja mtaalamu wa mila, Monica Wilson, aliyaandika hayo katika kitabu chake cha Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Sehemu nyingine nyingi mjukuu alilala kwa bibi, akapata na hadithi juu. Utaratibu ulitofautiana kabila kwa kabila, lakini kila mmoja ulikuwa na jibu la swali hili: mtoto akishaanza kuelewa mambo, alale wapi?

Pwani nako jibu lilikuwepo. Mafundisho ya Kiislamu, ambayo mtoto wa madrasa huyasikia mapema, yanasema watoto wafundishwe sala wakiwa na miaka 7, na wakifika 10 watenganishwe malazi. Zingatia hapo. Karne nyingi kabla ya daktari wa watoto kututembelea, umri wa kutenganisha malazi ulikuwa umeshatajwa.

Malazi yenyewe yalikuwa ya kawaida tu. Mkeka wa ukindu, au jamvi la miyaa, au ngozi kwa watu wa bara. Mkubwa alilala kitanda cha kamba, cha miti minne iliyounganishwa na kusukwa kwa kamba katikati. Kamba zile zililegea kila baada ya muda, mtu akawa analala kama ndizi, ikabidi ashuke zikazwe upya. Ndiyo maana wenye utani wao wakakiita kitanda hicho "teremka tukaze". Humo kwenye mafundo ya kamba ndimo kunguni walimofanya makazi, na wazee wakatuachia usemi kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Na godoro? Neno lenyewe linanusa safari ya jahazi. Wagujarati na Wamarathi wa Bara Hindi wana maneno yanayofanana nalo sana, godadu na godhadi, yenye maana ya tandiko nene la kushonwa. Biashara ya Bahari ya Hindi iliyotuletea duka na gari ndiyo iliyotuletea godoro. Likafika kwanza kwa wenye nacho, likawekwa juu ya samadari zenye nguzo za kuchonga. Mtoto alibaki na mkeka wake, mahali pake.

MJI WA KITANDA KIMOJA

Kisha ukaja mji. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga Dar es Salaam miaka ya 1860, Wajerumani wakaufanya makao makuu yao mwaka 1891, Waingereza wakauteka mwaka 1916. Kila mmoja alihitaji mikono ya kazi. Mikono ikaja kutoka Uzaramo, Rufiji, Unyamwezi na kwingineko, ikapakua mizigo bandarini na kuchimba mitaro.

Sasa sikiliza hesabu. Serikali za kikoloni Afrika Mashariki zilipanga mishahara ya wafanyakazi Waafrika kana kwamba mfanyakazi ni mwanamume peke yake. Mke na watoto walihesabiwa kuwa wako kijijini, shamba linawalisha. Kwa hiyo mji ulikadiriwa mtu mmoja, sufuria moja, kitanda kimoja. Nchini Kenya ilibidi wafike mwaka 1954 ndipo kamati ya Carpenter ipendekeze kwamba mshahara ukadiriwe kwa mtu mwenye familia. Hapa kwetu wapagazi wa bandari waligoma mwaka 1939, wakagoma 1943, wakagoma tena 1947. Waligomea mshahara na mazingira ya kazi. Ila mshahara ule ndio uliokuwa ukiamua pia nani atalala kitandani na nani chini.

Maana watoto walikuja, bwana! Walizaliwa hapa hapa, waliletwa kusoma, walifuata mama zao. Wakakuta nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, uani jikoni na choo. Mwenye nyumba alipangisha chumba kwa chumba. Ofisa mmoja wa Kiingereza, J.A.K. Leslie, aliutafiti mji huu mwaka 1956, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1963 kinaonyesha jinsi maisha ya Mwafrika wa Dar yalivyozunguka hicho chumba kimoja cha kupanga.

Chumba kimoja, familia nzima. Kitanda cha wazazi kikachukua kona, pazia likafungwa, na mtoto akatandikiwa chini mbele ya kabati la vyombo. Akikua kidogo akahamishiwa ukumbini pamoja na mjomba aliyekuja kutafuta kazi. Kibanda cha marika hakipo. Bibi yuko Kisarawe. Yale mafundisho ya kutenganisha malazi katika miaka 10 kila mzazi aliyajua, ila utamtenganishia wapi katika futi kumi kwa kumi? Mji haukumpa mtoto mahali pa kulala kwa sababu katika hesabu zake haukuwa umemwandika.

SUFI, PAMBA NA USUMBA

Wakati huo godoro lenyewe lilikuwa kazi ya fundi. Lilishonwa kwa kitambaa kigumu cha mistari, likajazwa kilichopatikana. Pwani kilichopatikana ni sufi, zile nyuzi laini zinazotoka kwenye maganda ya mti wa msufi. Sufi ni nyepesi, haipendi maji, na mpaka leo mito ya sufi inapendwa na wengi. Tatizo lake ni kujibana. Ukililalia godoro lake mwaka mzima linafanya mabonde na vilima, basi lazima lifumuliwe, sufi ichambuliwe, ianikwe juani, ishindiliwe upya. Pamba nayo ni hivyo hivyo, tena yenyewe inakunywa maji.

Wa chini yao walilalia usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Makumbi hufukiwa kwenye maji mpaka yaoze, kisha hupondwa, nyuzi zikatoka. Unatengenezea kamba, unajazia godoro. Usumba haulegei upesi, lakini unachoma, na mtoto mwenye ngozi laini huamka na alama mgongoni kama aliyelala juu ya ufagio. Bara walijazia majani makavu, yakisagika wanabadilisha.

Magodoro haya yote yalikuwa na tabia moja: yalitengenezwa kwa ajili ya mkubwa, mtoto akarithi. Godoro likishaisha kwenye kitanda cha baba linafumuliwa, nusu yake nzuri inashonwa upya kuwa la watoto. Wanalala watatu juu yake, mungo wa nne miguuni. Na katikati yao kuna anayekojoa.

Hapa naomba tuheshimiane, kwa sababu wengi tunajifanya hatukuwa sisi. Madaktari wanasema karibu watoto 15 kati ya 100 wenye umri wa miaka 5 bado hukojoa kitandani, bila ugonjwa wowote na bila uvivu. Lakini uswahilini godoro la pamba lililolowa lilianikwa juu ya ukuta, mtaa mzima ukasoma gazeti. Watoto wenzake wakamwimbia. Godoro la urithi, la kulaliwa na watatu, lilifanya jambo la mwili wa mtoto mmoja kuwa kesi ya watu wote. Fedheha ile ilikuwa na mashuka yake.

SPONJI INAINGIA

Mwaka 1937 huko Leverkusen, Ujerumani, mkemia aitwaye Otto Bayer na wenzake waligundua namna ya kutengeneza poliurethani. Baada ya vita kuu ya pili wataalamu wakajua kuiumua ikawa laini. Unachanganya vimiminika viwili vikuu na maji kidogo, gesi inatengenezwa humo humo, mchanganyiko unavimba mbele ya macho yako kama unga wa mandazi uliotiwa hamira ya kutosha. Ukipoa unapata bonge kubwa kama chumba. Bonge hilo hukatwa kwa kisu cha mashine, inchi 4, inchi 6, inchi 8, kwa kadiri unavyotaka. Hiyo ndiyo sponji.

Nchini kwetu majina kama Tanfoam ya Arusha na Vitafoam ya Dar yakazoeleka midomoni. Lakini kuzoea jina si kupata bidhaa. Kemikali zake hununuliwa nje kwa pesa za kigeni, na wenye umri watakukumbusha hali ilivyokuwa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Sabuni foleni, sukari foleni, kanga kwa kibali. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, watu wakaficha hata vya halali. Katika hali hiyo nani anazungumzia godoro la mtoto?

Mwaka 1984 Serikali ikaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za nje. Mwaka 1985 akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, na milango ikazidi kufunguka. Mitumba ikashuka, redio zikashuka, na sponji ikaanza kuonekana ikipita mitaani kichwani kwa mtu, imefungwa kwa kamba na kuviringishwa. Ilikuwa nyepesi, haihitaji fundi wa kuishona, haichomi. Juu ya yote inakatika. Kwa mara ya kwanza kiwanda kikatoa godoro jembamba la mtu mmoja kwa bei ambayo mama muuza vitumbua aliweza kuikusanya kidogo kidogo, akiwa kwenye mchezo.

Na shule ikasukuma. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliwapa watu binafsi nafasi kubwa zaidi ya kuanzisha shule, na shule za bweni zikaota kama uyoga. Ile karatasi ya maelekezo anayopewa mwanafunzi anayejiunga ina ndoo, ina jembe au fyekeo, ina shuka za rangi fulani, na ina godoro la futi mbili na nusu. Kuna watoto wengi wa Keko ambao hawakuwahi kuwa na godoro lao mpaka siku ile waliponunuliwa la kwenda nalo bweni. Likizo ikifika wanarudi nalo, au linabaki huko na wao wanarudi chini.

Mafundi wa Keko wakaiona fursa. Wakaanza kutengeneza dabo deka za mbao, kitanda juu ya kitanda, watoto wawili au wanne katika nafasi ya mmoja. Ukitaka kujua uwezo wa fundi wa mtaani kusoma historia, tazama dabo deka. Alipata tatizo la tangu enzi ya mkoloni, chumba kimoja na watoto wengi, akalijibu kwa kwenda juu.

UJANJA WA INCHI

Lakini sponji ilikuja na ujanja wake, na hapa ndipo lile swali la "inchi ngapi" linapotuponza. Mazungumzo ya dukani kila mtu anayajua:

"Karibu mama, magodoro hapa."

"Kaka, nataka la mtoto. Anaanza darasa la kwanza."

"La inchi ngapi, mama?"

"La sita. Halitabonyea hilo?"

"Hili? Mpaka anaoa, mama yangu!"

Muuzaji hajadanganya kuhusu inchi. Inchi 6 zipo, unaweza kuzipima. Kisichotajwa ni msongamano, yaani sponji kiasi gani imo ndani ya ukubwa huo na upepo ni kiasi gani. Unga ule ule wa mandazi unaweza kuumuliwa sana ukawa mkubwa na mtupu, au ukaumuliwa kiasi ukashiba. Viwandani hupimwa kwa kilo katika mita moja ya ujazo.

Tupige hesabu, haiumi. Chukua godoro la tatu kwa sita la inchi 6, lililotengenezwa kwa sponji ya kilo 16 kwa mita ya ujazo. Bila kava, lina uzito wa kilo 4.1 hivi. Chukua jingine la tatu kwa sita, jembamba la inchi 4, la sponji ya kilo 25. Lina kilo 4.2. Umeona? Lile jembamba lina sponji nyingi kuliko lile nene! Nene litakupendeza dukani na baada ya miezi michache litakuwa na shimo la makalio. Jembamba litabaki.

Ndiyo maana nasema godoro la mtoto lipimwe kwa mizani kabla ya kupimwa kwa rula. Mizani ipo, mwombe muuza mchele jirani. Ukiwa na mawili ya ukubwa mmoja, chagua zito. Kisha piga goti katikati. Goti likigusa ubao wa chini, acha. Inua goti uangalie: sponji nzuri hurudi mara moja, mbovu inabaki na alama inakufikiria. Fungua zipu ya kava utazame ndani. Kama ni vipande vya rangi mchanganyiko vilivyogandishwa kwa gundi, si lazima liwe baya, maana vipande hivyo huwa vizito na vigumu. Lakini ujue unachonunua, na usilipe bei ya sponji moja iliyokatwa nzima. Tafuta alama ya Shirika la Viwango, TBS, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, na jina la kiwanda lililoandikwa kwa herufi zinazosomeka.

Urefu usiukate. Mtoto wa miaka 6 ni mfupi leo tu. Futi sita zitamfikisha mpaka ndevu. Upana wa futi mbili na nusu unatosha peke yake, ila ukijua atakuja kulala na mdogo wake, nenda futi tatu. Kwa mtoto, inchi 4 za sponji iliyoshiba zinatosha. Akianza kuvunja sauti, mpe 6.

Usisahau kitanda. Fundi akiweka chaga chache kubana gharama, sponji itazama kwenye mianya, na lawama utampa mwenye godoro. Mwambie asiache mwanya unaozidi inchi 3. Godoro lienee fremu. Kama ngumi yako inaingia kati ya godoro na ubao, na mguu wa mtoto utaingia. Lifunike kwa plastiki chini ya shuka kama bado anakojoa, ulianike wiki kwa wiki, na usimwite mtaa kushuhudia.

Mchanga wa chini ya mwaka ana sheria yake. Yeye hahitaji ulaini. Anahitaji mahali pagumu, bapa, pasipo na mto wala blanketi zito usoni, na alazwe chali. Marekani walianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya usingizini vya watoto wachanga vikapungua sana. Lile godoro laini la wazazi analozama ndani yake ni hatari, hata kama linaonekana la mapenzi.

Na kuna moto. Sponji isiyotiwa dawa ya kuzuia moto hushika haraka, na moshi wake ni sumu. Mwaka 1994 moto wa bwenini uliua wasichana zaidi ya 40 katika sekondari ya Shauritanga, Rombo. Mwaka 2009 wasichana 12 walikufa kwa moto wa bweni huko Idodi, Iringa. Mshumaa, kibatari na dawa ya mbu ya kuwasha visikae karibu na godoro la mtoto hata kama umeme umekatika na kesho ana mtihani. Hilo ni muhimu kupita kilo na inchi zote nilizotaja.

NANI ALIHESABU?

Utaniambia, mwandishi, mambo yote haya kwa godoro? Ndiyo. Kwa sababu godoro ndiyo nyumba ya mtoto ndani ya nyumba. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji usingizi wa saa 9 mpaka 12. Anazipataje, akiwa ukumbini anaamshwa na kila anayekwenda chooni? Halafu kesho mwalimu amwite mzembe.

Kuna zito zaidi, na nitalisema kwa sauti ya chini. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na kwa wavulana ni karibu 1 katika kila 7. Uchunguzi haukuuliza habari za magodoro. Lakini sisi tuliokulia vyumba vya kupanga tunajua mgeni akija usiku analazwa wapi. "Mlaze hapo na watoto." Sentensi fupi, ya ukarimu, na mara nyingine ya hatari kubwa. Mtoto mwenye godoro lake la futi mbili na nusu ana mpaka. Ni mpaka mwembamba, sawa, lakini mzazi anaweza kusimama juu yake akasema: hapana, hapo ni pa mwanangu, mgeni tutamtandikia kwingine. Wale wazee waliotaka malazi yatenganishwe katika miaka 10 hawakuwa wanacheza.

Nimalizie na jambo moja linalonipa moyo. Mwaka 2004 Serikali ilianza mpango wa Hati Punguzo, mama mjamzito akapata chandarua kwa bei nafuu. Kisha mwaka 2010 na 2011 ikaja kampeni kubwa ya kugawa vyandarua. Safari hii hawakuhesabu wajawazito peke yao, wala mababa wenye ajira. Walihesabu mahali pa kulala. Waandikishaji walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza: hapa ndani kuna mahali pangapi pa kulala? Kitanda kimoja, hesabu. Godoro la chini, hesabu. Ukumbini nako, hesabu. Mkoloni alipouhesabu mji huu aliona kitanda kimoja na mwanamume mmoja juu yake. Ilichukua miongo mingi na ugonjwa wa malaria mpaka mtu mwenye kalamu ya serikali akauliza habari za yule anayelala chini karibu na kabati la vyombo.

Wewe kijana unayetaka kuandika, na najua mko wengi mnaosoma kurasa hizi, usingoje upewe mada ya vita au ya marais. Nenda kamuulize bibi yako alilala juu ya nini akiwa na miaka 7, na nani alikuwa kulia kwake. Kaa chini umsikilize mpaka amalize. Halafu ukipita Keko, ukamkuta mama anabishana bei ya godoro la mwanawe, muoneshe mahali mizani ilipo.